Karani Anarudi Bondeni

Susuni, 14 Januari 2024

Mwanangu Waitara,

Pokea salamu zetu za hapa nyumbani. Sisi wazima, hofu ni kwako wewe unayelala huko porini na wanyama wakipita nje ya hema. Unakula? Dada yako Boke kule Nkende amejifungua mtoto wa kike, wote wana afya, mtoto analia kama ana kesi na mtu. Ng'ombe mwekundu amekausha maziwa. Jirani yetu Modesta anakusalimu, anasema askari gani hatumi hata picha. Nimemwambia kambi yako haina mtandao, na simu yangu yenyewe ilishaingia maji. Ndiyo maana nashika kalamu. Usicheke mwandiko, darasa la nne ni darasa la nne.

Sasa sikiliza. Unajua msimu uliopita nguruwe pori waliingia shamba la bondeni wakalala humo kama nyumba ya wageni. Nilichovuna nilibeba kichwani safari moja. Jumapili kulikuwa na kikao cha ukoo. Baba yako mdogo Heche akasimama, akashika mikono nyuma vile anavyofanya, akasema shamba la bondeni halina mlinzi. Akasema mashamba ya bondeni yanalindwa kwa msako wa nguruwe, na nyumba isiyo na mwanamume wala mbwa haisimami kwenye msako, basi ina haki gani ya kulima bondeni? Mzee Simioni aliyekuwa anaongoza kikao akaamua hivi: nipewe msimu huu mmoja. Nguruwe wakiyamaliza tena mahindi, shamba linakwenda kwa Heche alitunze. Alitunze. Mtu anakutunzia kitu mpaka watoto wako wanamwomba ruhusa kupita.

Nikasimama nikasema, "Mbwa ninaye."

Wakacheka wote. Heche akasema, "Karani? Shemeji, Karani amestaafu. Anangoja kiinua mgongo."

Basi nataka Karani arudi kazini. Najua ana miaka tisa. Tangu tumzike baba yako mwaka juzi, kazi yake ni kulala mlangoni na kuangalia nani anaingia. Tumbo limeshuka. Mguu wa mbele wa kulia, ule aliochanwa na nguruwe begani, akiamka asubuhi anauburuta kidogo. Juzi nilimchukua twende naye kisimani, akafika nusu ya njia akakaa, akanitazama kama mimi ndiye mgonjwa.

Wewe unafanya kazi na mbwa wa kunusa huko. Niandikie mbwa mzee anarudishwaje. Na jambo la pili, Karani akiwa kazini hasikii sauti ya mtu, anasikia mluzi wa baba yako tu. Wewe uliujua. Niandikie unapigwaje.

Barua iachwe Mugumu dukani kwa Selestine, nimeambiwa gari la chakula la kambi yenu linapita hapo.

Ni mimi mama yako,
Nyangi


Kambini, Wilaya ya Serengeti, 11 Februari 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Barua yako ilikaa dukani kwa Selestine wiki tatu kwa sababu gari lilikwama. Mimi mzima, nakula, usiwe na wasiwasi. Mpe Boke hongera. Mvua huku ni nyingi, hema langu linavuja upande wa miguuni.

Mama, nimesoma barua yako mara mbili. Naomba uniache niseme ukweli. Karani ni mzee. Huku kwetu mbwa akifika miaka minane anapumzishwa, na hao wanakula vizuri na wana daktari. Pili, mimi ni askari wa wanyamapori. Kazi yangu ni kukamata watu wanaoingia porini na mbwa. Watu wakisikia mama yake askari anafundisha mbwa kuwinda watasema nini? Tatu, mwanamke hapigi mluzi. Hilo unalijua kuliko mimi.

Na lile shamba, mama, kwa nini ulipiganie? Bonde lina unyevu, unarudi umelowa magoti. Baba mdogo si mtu mbaya. Akilima yeye hutakosa unga. Unaweza kupumzika, ukalima bustani hapo juu nyumbani.

Kama ni lazima umtembeze, usimkimbize kwenye mawe. Angalia nyayo zake kila jioni. Na usimlishe kabla ya kutembea, mlishe baadaye akishapoa.

Nakupenda mama.
Waitara


Susuni, 3 Machi 2024

Mwanangu Waitara,

Marahaba. Hapa tumeanza kupanda. Mtoto wa Boke amepewa jina la bibi yako mzaa baba, amenenepa. Hema likivuja weka sufuria, usilale na miguu mibichi, utapata kikohozi kama cha marehemu. Nimekufumia soksi, ziko ndani ya mfuko huu pamoja na barua, usizigawe.

Umeniandikia sababu tatu. Nimezihesabu. Ya kwanza Karani ni mzee. Mimi nina hamsini na sita, nalima, hakuna aliyeniandikia nipumzishwe, isipokuwa wewe. Ya pili kazi yako. Nimekwenda kwa mtendaji wa kijiji, nimemuuliza mbele za watu. Amesema msako wa nguruwe wanaoharibu mazao unafanyika kwa kibali cha afisa wanyamapori, kila mwaka mahindi yakianza kuweka maziwa. Porini kwenu sitii mguu. Nguruwe ndio wanaokuja kwangu, mimi siwafuati kwao. Ya tatu mluzi, hiyo tutaiongea.

Ya kuhusu kupumzika sikuielewa. Umeandika kama mtu aliyeambiwa aandike.

Karani sasa anafika kisimani na kurudi. Nilianza kidogo kidogo kama ulivyosema. Asubuhi tunatoka kabla jua halijapanda, naweka ndoo kichwani ili watu wasiulize maswali, maana mwanamke anayetembeza mbwa bila sababu wanamwona amerukwa na akili. Jioni namlisha dona na dagaa, namwogesha miguu kwa maji ya chumvi, nampapasa. Kupe wamekwisha. Nimemnunulia dawa ya minyoo kwa yule anayetibu mifugo, alichokitoa sitakuandikia.

Kosa nimefanya moja na nalisema mwenyewe. Nilikumbuka baba yako kabla ya msako alikuwa anampulizia ugoro puani ili pua ifunguke. Nikaomba ugoro kwa mama mkwe wa Modesta, nikampulizia na unyasi. Mwanangu, alipiga chafya mpaka damu ikatoka. Siku nne sasa hanusi kitu. Jana kuku amepita mbele yake na vifaranga wote, hakugeuza kichwa. Modesta akasema, "Nyangi, umemfanya Mkristo." Mimi sikucheka, nililia jikoni.

Niambie nifanye nini. Na niandikie mluzi.

Mama yako,
Nyangi


Kambini, 30 Machi 2024

Mama,

Shikamoo. Soksi nimezipata, nazivaa.

Ugoro usirudie tena. Baba alifanya vile kwa sababu na yeye alifundishwa hivyo. Nilikuwepo mara moja, Karani alikaa siku mbili hajui njia ya nyumbani. Pua ya mbwa haifunguki kwa kuungua. Chukua maji ya vuguvugu, chumvi kidogo, msafishe asubuhi na jioni kwa kitambaa laini. Mweke mbali na moshi wa jikoni. Atarudi, mpe wiki tatu.

Akipona fanya hivi. Wiki ya kwanza atembee tu. Ya pili mpandishe kilima, ashuke polepole, kushuka ndiko kunakoumiza bega. Kama lile bwawa la kunyweshea ng'ombe bado lina maji, mwogeleshe. Maji yanabeba uzito wake na mguu unafanya kazi bila kugonga. Siku mbili kazi, siku moja alale. Ukimpapasa ubavuni uzihisi mbavu kwa vidole, lakini usizione kwa macho. Ukiona anaburuta mguu jioni, umezidisha.

Na jambo kubwa, usimfundishe kushika. Meno ya mbele hana. Mfundishe amzungushe mnyama, asimame mbali, abweke mpaka watu wafike. Mbwa mzee anayejua kusimama ana faida kuliko vijana watatu wanaojirusha. Tumia kondoo dume wa Modesta, yule mkali, akiwa kwenye kamba.

Kuhusu shamba sina la kuongeza.

Waitara


Susuni, 28 Aprili 2024

Waitara,

Marahaba. Mahindi yamefika kiunoni. Modesta anakusalimu, kondoo wake pia, ambaye sasa akimwona Karani anajikusanya mwenyewe katikati ya uwanja bila kuambiwa.

Karani amepona pua. Siku ya sita ya kumsafisha nilimkuta anachimba nyuma ya ghala, akatoa panya. Nilimshukuru Mungu kwa sauti. Bwawani alikataa wiki nzima. Nikaingia mwenyewe na gauni, maji mpaka kifuani, nikamwita, wachunga ng'ombe wanatazama. Akaingia. Sasa anaogelea kama aliyezaliwa humo. Tumbo limepanda. Mguu wa kulia anaukanyaga wote. Anapanda kile kilima cha mnara nami nyuma yake napumua kama injini ya mashine ya kusaga.

Hayo ndiyo nilitaka kukuandikia. Lakini sasa nina lingine.

Alhamisi baba yako mdogo alipita nyumbani. Alinikuta namchezesha Karani na yule kondoo. Akasimama akaangalia mpaka mwisho, akasema, "Shemeji, unajichosha. Shamba limeshaongewa."

Nikamuuliza limeongewa na nani.

Akatoa karatasi mfukoni, imekunjwa mara nne. Sijui kusoma haraka lakini jina la mwanangu nalijua, mimi ndiye niliyekufundisha kuliandika, kwa kijiti, hapo uwanjani. Imeandikwa kwamba wewe mwana mkubwa wa marehemu umekubali shamba la bondeni liwe la Heche, na yeye atatoa ng'ombe wa mahari umwoe binti anaitwa Verdiana kule Nata. Tarehe ya Desemba. Kwa hiyo kabla ya kikao. Kwa hiyo wakati nasimama mbele ya wazee nasema mbwa ninaye na wanacheka, Heche alikuwa na karatasi mfukoni. Na wakati wewe unaniandikia nipumzike, ulikuwa umeshanipumzisha.

Sikulia. Nilimwambia Heche, "Mzee Simioni alisema msimu huu. Msimu haujaisha. Ondoka kwenye uwanja wangu, mbwa yuko kazini." Akaniambia, "Mura wako, huyo kijana wako, ana akili kukuzidi." Akaondoka.

Sikulaani, mama halaani. Verdiana simjui, labda ni binti mzuri. Ungeniambia unataka kuoa ningeuza hata sauti yangu ya kwaya. Lakini uliliuza shamba ambalo nilikuzaa nikiwa nalipalilia, ukanificha, ukanifundisha kumwogelesha mbwa.

Sitaki maelezo. Nataka mluzi. Nimejaribu mwenyewe ndani ya mihogo, natoa upepo tu na mate. Niandikie kidole gani, ulimi uko wapi. Usiponiandikia nitaingia bondeni na sufuria na mwiko, nitapiga hivyo hivyo.

Nyangi


Kambini, 19 Mei 2024

Mama,

Shikamoo. Nimeandika barua hii mara nne, tatu nimezichoma.

Ni kweli. Baba mdogo alikuja Mugumu Desemba, tukakutana. Baba yake Verdiana alikuwa ameshasema kama ukoo wetu hauji na ng'ombe, kuna watu wengine wanamtaka. Mimi ng'ombe sina. Baba mdogo akasema shamba lenyewe linaliwa na nguruwe, mama anazeeka, akasema "unamwokoa mama yako." Nikaona kama ni kweli. Nilikuwa nataka iwe kweli. Ng'ombe bado hajawatoa, anasubiri mavuno.

Sikuweza kukuambia. Kila nilipoanza ulikuwa unaniuliza kama nakula.

Mluzi ni huu. Vidole viwili vya mkono wa kulia, cha shahada na cha kati, vishikane. Ulimi ukunje ncha irudi nyuma, uusukume kwa vidole mpaka mwisho wa kucha. Midomo ifunike meno, isiache tundu isipokuwa katikati. Puliza kutoka tumboni, usipulize kwa mashavu. Mate mengi ni kwa sababu vidole vimeingia sana. Itachukua siku.

Mfupi, mfupi, halafu mrefu unaopanda. Ukate kabla haujafika juu kabisa. Huo ni "tafuta, simama naye." Mrefu peke yake unaoshuka ni "acha, rudi." Huo wa pili ujue kuliko wa kwanza, mama. Nguruwe akigeuka, sekunde moja ndiyo uhai wa Karani. Usimwache aendelee kwa sababu tu watu wanapiga kelele.

Baba aliniambia nisimfundishe mtu mwingine. Nafikiri alimaanisha watu wa nje.

Waitara


Susuni, 16 Juni 2024

Waitara,

Marahaba. Boke na mtoto wako hapa, mtoto ameota jino. Mvua imepungua. Nimelipokea lile ulilonieleza kuhusu Mugumu. Nimelisoma, nimelikunja, nimeliweka. Sasa nikupe habari ya msako, maana utaisikia kwa watu na wataiharibu.

Mluzi ulinitoka siku ya tisa, ndani ya mihogo. Karani alikuwa nyumbani kwenye mlango. Aliruka uzio, mwanangu. Mbwa wa miaka tisa. Akaja akasimama mbele yangu, akatazama nyuma yangu, akatazama kushoto, akatazama kulia. Anamtafuta baba yako. Nikakaa chini tukakaa wote. Halafu nikaupiga tena ili ajue ni mimi.

Habari ikazunguka. Jumatano Heche akaniita njiani mbele za watu, "Shemeji, mwanamke akipiga mluzi anamuua mume."

Nikamwambia, "Mume wangu yuko kaburini mwaka wa pili. Nitamuua mara ngapi?"

Watu wakacheka, na safari hii hawakunicheka mimi. Basi akafanya la kufanya. Yeye ndiye msemaji wa msako, akaupanga Jumamosi ya tarehe nane, akijua sisi Wasabato Jumamosi tuko kanisani. Mchungaji akaniambia niwe na amani, Mungu ataangalia. Nikamwambia, "Mchungaji, aangalie, na mimi niwepo." Ijumaa jioni nilisali sala ya siku mbili, nikalala.

Asubuhi tukapangwa juu ya bonde kwa nyumba, kila nyumba na mbwa wake. Heche ana watatu, vijana, wamenona, wanavuta kamba. Aliponiona na Karani akasema, "Nyumba ya marehemu haina mtu wa kusimama." Mimi nilikuwa nimesimama. Erasto, yule fundi baiskeli aliyekuwa anawinda na baba yako, akasogea pembeni akaniachia nafasi.

Wakafungulia mbwa. Wale wa Heche walitoka kama risasi wakaona digidigi, wakapotelea ng'ambo ya kijito mpaka saa sita, Heche anawaita mpaka sauti imekauka. Karani hakukimbia. Alishuka polepole vile tulivyokuwa tunashuka kilima, pua chini, akaingia pembeni ya shamba langu, akatoka, akaingia kwenye kichaka cha matete. Kimya. Nikapiga. Mfupi, mfupi, mrefu unaopanda. Akaanza kubweka mahali pamoja.

Tulifika mimi na Erasto na wengine wawili. Nguruwe dume, mweusi, meno nje, mgongo ameuegemeza kwenye kichuguu. Karani yuko hatua nne kutoka kwake, anamzunguka, anabweka, hashiki. Watu nyuma wakapiga kelele, "Shika! Shika! Mbwa gani huyu anahubiri!" Na nguruwe akageuka. Niliona bega lake linashuka kabla hajaja. Waitara, nilipuliza ule unaoshuka, sijui pumzi ilitoka wapi. Karani akaacha akaruka nyuma, na nguruwe akapita mahali alipokuwa, akatoa ubavu wote, Erasto akamchoma mkuki. Ndivyo ilivyokuwa. Nguruwe wengine watatu walikimbia ng'ambo, na kijiji kinasema hawajarudi.

Ukafika wakati wa kugawa. Unajua sheria ya msako, mguu wa nyuma ni wa nyumba ya mbwa aliyemsimamisha mnyama. Heche akasema mwanamke hapewi mguu, apewe mtu wa ukoo amshikie. Erasto alikuwa anafuta mkuki na majani. Akauliza, "Mbwa ni wa nani?" Akauliza tena. Mzee Simioni akasema, "Ni wa Nyangi."

Heche akanigeukia, "Wewe Msabato, mguu wa nguruwe wa nini?"

"Sili," nikamwambia, "lakini ni wangu."

Niliubeba mabegani kutoka bondeni mpaka nyumbani kwa Modesta, damu inashuka kwenye gauni, nikipita njia ndefu, ile ya mbele ya nyumba ya Heche. Modesta na watoto wake wamekula siku tatu. Kanisani wamenisimamisha kwaya mwezi mmoja. Nitaimba nyumbani.

Karani alilala siku mbili. Mguu umevimba kidogo, namkanda na maji ya moto.

Mahindi yamesimama shambani, mengi. Kikao ni tarehe ishirini na moja Julai. Mzee Simioni amesema neno langu limesimama, lakini karatasi yako nayo iko, na aliyetia saini aje aseme mwenyewe. Ng'ombe wako wako upande mmoja na mimi niko upande mwingine. Sikuambii useme nini. Njoo uniangalie ukisema.

Mama yako,
Nyangi


Susuni, 4 Agosti 2024

Mwanangu Waitara,

Salamu. Natumaini ulifika salama na gari halikukwama. Ulikuja usiku mmoja ukaondoka, kuna mambo sikuyasema kwa sababu nilikuwa napika, na ukila siwezi kukugombeza.

Ulivyosimama kikaoni ulikuwa umekonda. Nilidhani utaongea maneno mengi kama mtu aliyesoma. Ukasema, "Nilitia saini kitu ambacho si changu. Shamba ni la mama." Halafu ukakaa. Heche akasema basi ng'ombe usahau. Ukasema, "Nimesahau." Nilikuwa na hasira na wewe miezi mitatu, na hapo nilitaka kukuita jina ulilokuwa unaitwa ukiwa mtoto, mbele za wazee wote. Nilijizuia.

Ulipoondoka Heche alikuja jioni. Hakuomba msamaha, usifikiri. Alisimama nje akasema msimu wa vuli nguruwe watarudi, na Karani kwa bega lile hatafika. Akasema mbwa wake mmoja jike ana mimba, nikitaka nimchukue mtoto mmoja. Nikamwambia nitachagua mwenyewe, na nitamfundisha mwenyewe. Akasema, "Na huo mluzi?" Nikasema, "Na huo mluzi." Akaondoka. Bado simpendi. Lakini mtoto wa mbwa nitamchukua, Karani atamwonyesha njia ya kichaka wakati miguu ipo.

Sasa la kwako. Sijakusamehe. Nimejaribu mara mbili nikifua nguo zako ulizoacha, nikaona bado. Itakuja, nikiwa tayari nitakuandikia, usiniulize kila barua. Hiyo haina uhusiano na kula, kula.

Kuhusu Verdiana. Umesema baba yake ametoa muda mpaka mwisho wa mwaka. Wewe umekaa kimya kama mtu aliyepigwa. Mimi siwezi kukaa kimya. Mahindi ya bondeni nimevuna, mengine nauza, ng'ombe mwekundu anazaa Novemba. Hawafiki idadi wanayotaka, hilo najua. Kwa hiyo nitakwenda mwenyewe Nata, mwanamke, mjane, bila shemeji wa kunisemea. Erasto amesema atanisindikiza. Baba yake Verdiana akisema ukoo gani huu unatuma mwanamke kuposa, nitamwambia ni ukoo wangu, na nitakaa kwenye kiti atakachonipa mpaka tuelewane.

Mwambie binti aniandikie. Nataka kujua kama anaweza kuamka mapema. Shamba nimeshaanza kulilima tena, nusu ya chini imekwisha, kesho naanza ya juu.

Mama yako,
Nyangi